Kitatange Nyumbani: Mhadhara kwa Wafugaji wa Samaki wa Kinondoni na Temeke



Nimeombwa nizungumzie ufugaji wa vitatange wa baharini majumbani, na msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kunipinga ajiandae. Mkazi wa Dar es Salaam anaweza kufuga kitatange vizuri kuliko mtu wa Ulaya, kwa sababu bahari iko mlangoni pake. Lakini afuge yule mdogo tu, wa bahari yetu hii hii, na lengo lake liwe kumzalisha. Wale wakubwa, wanaotamanisha macho kuliko wote, wabaki mwambani.

Tukubaliane kwanza tunamzungumzia nani. Wavuvi wetu humwita kitatange samaki yeyote bapa, mwenye rangi kali, anayezungukazunguka matumbawe, na ndani ya jina hilo zimo familia mbili. Ukitaka kuzitenganisha, mtazame shavuni. Kitatange ninayemsema leo ana mwiba mmoja mkubwa chini ya shavu, umeelekea mkiani. Yule wa familia ya pili hana. Mfugaji lazima aujue mwiba huo. Ukimtoa samaki kwenye tangi kwa kijavu, mwiba hunasa kwenye nyuzi, naye hufurukuta. Ukivuta, unamchana shavu, na jeraha hilo huoza upesi kwenye maji ya vuguvugu. Mchukue kwa bakuli la plastiki angavu. Lizamishe taratibu, mwelekeze kwa mkono aingie mwenyewe, kisha mnyanyue pamoja na maji yake. Hata yule anayeuzwa mjini kama samaki wa maji baridi, mwenye mapezi marefu kama tanga, ambaye asili yake ni mto Amazon, msimchanganye na huyu. Wamekutana kwenye jina la Kizungu tu.

Duniani kuna takriban aina 90 za familia hii, na pwani yetu imejaliwa kadhaa. Mashuhuri zaidi ni wawili wakubwa. Wa kwanza wanasayansi humwita Pomacanthus imperator: akiwa mdogo ni buluu iliyokolea, ana pete nyeupe zilizozungukana kuelekea mkiani, akikomaa pete zinafutika zote na mwili unajaa mistari ya njano na buluu, na macho yake yanafunikwa na utepe mweusi. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba wataalamu wa zamani waliandika mtoto na mzazi kama samaki wawili, kila mmoja na jina lake. Wanaochunguza tabia zao wanaeleza kwamba rangi ya utotoni inamkinga: mkubwa mwenye eneo lake humfukuza kwa ukali anayefanana naye, na mtoto mwenye pete huachwa apite.

Wa pili ni Pomacanthus semicirculatus, na huyu ana historia na watu wa pwani. Anapokuwa katikati ya utoto na ukubwa, mistari ya mkiani hukatikakatika ikawa kama maandishi ya Kiarabu. J.L.B. Smith, mtaalamu wa samaki wa Afrika Kusini, yule yule aliyemtambulisha silikanti kwa dunia baada ya samaki huyo kuvuliwa mwaka 1938, alisimulia habari za mmoja aliyefikishwa sokoni Zanzibar akiwa na mkia ambao watu waliusoma kuwa umeandikwa shahada. Alinunuliwa kwa senti, akaishia kuuzwa kwa rupia 5,000. Nawatajia kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba watu wa mwambao walimtazama kitatange kwa makini na kwa heshima muda mrefu kabla tangi la kioo halijaingia sebuleni kwa mtu yeyote.

Sasa hawa wawili, mbona nasema wabaki mwambani? Kila mmoja hufikia urefu wa karibu sentimita 40. Mtoto mwenye pete anayeuzwa ana urefu wa kidole, na muuzaji hatakuonyesha babake. Ili azunguke bila kujigonga anahitaji tangi la lita 800 au zaidi. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1 na gramu 25 hivi, kwa hiyo maji peke yake yanapita kilo 800, bado kioo, mawe na stendi. Nyumba zetu nyingi za kupanga hazikujengewa mzigo huo kwenye kona moja ya chumba. Kisha kuna umri. Wanasayansi wa Ghuba waliopima umri wa Pomacanthus maculosus, ndugu yao ambaye jamaa zetu wa Oman na Falme za Kiarabu wanamjua, kwa kuhesabu pete za vijiwe vya masikioni, walipata samaki waliopita miaka 30. Unayemnunulia mtoto wako wa darasa la pili zawadi hiyo, unamwachia mtu mzima urithi.

Na chakula chao ni kazi nyingine. Sehemu kubwa ya wanachokula mwambani ni sponji, wale viumbe laini walioganda kwenye mawe. Sponji hushindana na matumbawe kugombea nafasi, kwa hiyo anayewala anausaidia mwamba upumue. Ukimhamishia sebuleni unauondolea mwamba mtunzaji wake, nawe unabaki na samaki anayekonda taratibu huku akila vizuri machoni pako, kwa kuwa unachompa hakifanani na alichoumbiwa.

Mdogo ninayemtetea anaitwa Centropyge acanthops. Aliandikwa kisayansi mwaka 1922. Haendi zaidi ya sentimita 8. Kichwa na mgongo ni rangi ya chungwa iliyoiva, ubavu ni buluu iliyokolea, mkia ni wa njano uliofifia karibu kuona upande wa pili. Anaishi kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini, kwenye vifusi vya matumbawe vya kina cha mita 8 hadi 40, na siku nzima anachungulia mwanya huu na kutokea ule, akidonoa mwani na wadudu wa majini. Tangi la lita 200 linamtosha, likiwa na mawe mengi yenye mapango. La lita 300 linatosha dume na majike wawili. Kwa chakula, chukueni mwani mwembamba wa kijani unaoota kwenye mawe ya ufukweni, ufungeni kwenye jiwe, na mara chache mpeni uduvi mbichi waliooshwa. Uduvi wakavu wa sokoni wamekwisha kutiwa chumvi, waachieni mchuzi.

Nije kwenye maji, na hapa naomba mnivumilie, maana wafugaji wengi wapya huharibikiwa hapa.

Nimeulizwa mara nyingi: kwa nini nisinunue chumvi ya mashambani, ile ya kukausha juani, nikaitia kwenye maji ya bomba? Si imetoka baharini? Imetoka baharini, lakini haikutoka yote. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi mbalimbali kwa kila lita. Yanapokauka kwenye majaruba, chokaa hutangulia kuganda, baadaye jasi, maji yakishapungua mpaka karibu sehemu moja ya kumi ndipo chumvi ya kula inapoanza kuganda kwa wingi. Magnesi na potasiamu hubaki kwenye maji machungu ya mwisho, ambayo mkulima wa chumvi humwaga. Kwa hiyo gunia unalolinunua ni karibu chumvi ya kula tupu. Ukiliyeyusha tena, kipimo cha chumvi kitasoma sawasawa na bahari, na samaki atakufa kwa kukosa yale yaliyobaki jarubani na yaliyomwagwa. Chumvi ya dukani ni mbaya zaidi, kwani imeongezewa madini joto na vitu vya kuizuia isigande.

Wafugaji wa London hununua chumvi ya kiwandani iliyochanganywa upya madini yote, kwa bei kubwa. Sisi tunayo yenyewe. Lakini ichoteni kwa akili. Msichote karibu na mlango wa mto Msimbazi, wala pwani ya katikati ya jiji inakoishia mifereji. Msichote wakati wa masika, mvua zinapoyapunguza chumvi maji ya ufukweni na kuleta tope. Panda boti Kunduchi, toka nje ya mipaka ya hifadhi ya bahari, chota maji yakiwa yamejaa. Walio Temeke wavuke Kigamboni, washuke kusini kuelekea Kimbiji. Chuja kwa kitambaa safi, yaache yatulie kwenye pipa lililofunikwa. Tangi la lita 300 likibadilishwa sehemu ya kumi kila wiki linataka lita 30, yaani dumu moja na nusu. Hiyo ni safari moja ya mwezi kwa watu wanne wakichangia boti.

Kisha kuna kosa ambalo nimeliona Sinza na Mbagala, na wanaolifanya ni watu waangalifu. Tangi limepungua sentimita 3 kwa joto, mtu anajazia maji ya bahari. Siku ya pili vile vile. Chumvi haipandi na mvuke. Kilichoondoka ni maji matupu, kwa hiyo jazeni maji yasiyo na chumvi. Mkijazia ya bahari, kila wiki tangi linazidi kuwa kali. Na maji yenyewe yawe ya mvua, au ya DAWASA yaliyolala siku nzima kwenye ndoo wazi yakipulizwa hewa, klorini iondoke. Ya kisima nayahofia. Visima vingi vya pwani ya jiji vina chumvi yake, na vilivyozungukwa na vyoo vya shimo vina nitrati hata kabla samaki hajaongeza ya kwake.

Joto ni tatizo letu zaidi ya baridi. Mfugaji wa Berlin ananunua hita. Sisi tunatafuta namna ya kupoza. Kuanzia Desemba mpaka Machi, chumba kilichofungwa chini ya bati kinapita nyuzi 32, na tangi nalo halikawii kulifikia joto la chumba. Samaki huyu anataka nyuzi 25 hadi 28. Feni ndogo inayopuliza juu ya uso wa maji hushusha nyuzi 2 au 3, kwa sababu maji yanayogeuka mvuke huondoka na joto. Siku za unyevunyevu mwingi inashusha kidogo tu, basi tangi liwekwe mbali na dirisha la magharibi tangu siku ya kwanza.

Na joto linaenda pamoja na umeme. Maji ya bahari ya nyuzi 28 hayabebi hata miligramu 7 za oksijeni kwa lita. Umeme ukikatika saa tatu usiku, pampu inasimama, samaki na bakteria wote wanaendelea kupumua, na kufika alfajiri wanaanza kutwetea juu ya maji. Waliopitia mgao wa 2011 na wa miaka ya karibuni wanajua kwamba hili si jambo la kubahatisha. Kabla ya kununua samaki, nunua pampu ya hewa inayotumia betri, au unganisha ndogo kwenye betri ya gari. Samaki mwenyewe atafutwe baada ya pampu hiyo kufanya kazi usiku mzima bila LUKU.

Kuhusu bakteria nitapita haraka, maana vitabu vinaeleza. Kinyesi na mabaki ya chakula huwa amonia. Kundi moja la bakteria huigeuza nitriti, jingine nitrati. Makundi haya huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga kwenye mawe na chujio. Ndani ya wiki hizo tangi halina samaki. Mawe yasivunjwe mwambani. Jiwe kavu la matumbawe ya kale, lile ambalo wazee wetu walijengea nyumba za mwambao, lina vitundu vya kutosha. Liloweke, lisugue, libadilishie maji mpaka liache kutoa harufu.

Sasa samaki mwenyewe anatoka wapi? Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inamtaka anayevua awe na leseni. Visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu mwaka 1975, na leo zinasimamiwa chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari ya mwaka 1994: ndani yake hakivuliwi kitu, si samaki, si tumbawe, si kombe. Jirani zetu wa Kenya wana wazamiaji wanaovua samaki wa mapambo kwa nyavu za mkono na kuwauza nje, na ufundi wao ni wa kujifunza. Huzuia kwa wavu mfupi wakampeleka samaki kwa upole, kisha humpandisha taratibu. Huyo mdogo wetu anaishi kina kirefu kiasi, na akipandishwa kwa pupa kibofu chake cha hewa hutanuka, akafika juu amelala chali. Mfugaji anayeletewa samaki anayeelea kichwa chini, tumbo limejaa, asimpokee kwa huruma. Akimpokea, anamlipa mvuvi aendelee kufanya hivyo.

Miamba yetu imeshapata majeraha ya kutosha. Uvuvi wa mabomu uliivunja kwa miongo mingi, mpaka operesheni za pamoja za vyombo vya dola zilizoanza muongo uliopita zikaupunguza sana. Joto la bahari la mwaka 1998 lilipausha matumbawe pwani nzima, likarudi tena 2016 na 2024. Mtu anayependa samaki hawezi kuwa mkono mwingine juu ya majeraha hayo.

Ndiyo maana nasema lengo liwe kuzalisha, na kwa huyu mdogo jambo hilo limekwisha kuonekana linawezekana. Vitatange wa jamii ya Centropyge huzaliwa majike. Dume likiondoka, jike kubwa kuliko wote hugeuka dume. Kwa hiyo huhitaji kujua jinsia: weka wawili wadogo wasiolingana kwa ukubwa, mkubwa atageuka. Jua linapozama, punguzeni taa polepole badala ya kuzima ghafla, kisha kaeni kimya mtazame. Dume hujitanua mapezi, humzunguka jike, humpitia chini akimgusa tumboni kwa mdomo, wakapanda pamoja kuelekea juu kidogo kidogo. Mara moja, kwa kufumba na kufumbua, mayai yanatoka nao wanakimbilia mwanyani. Yai lina kipenyo chini ya milimita 1, linaelea, na linaanguliwa kabla ya saa 24 kupita.

Ugumu unakuja siku ya tatu hivi, kitoto kinapofungua mdomo. Mdomo huo ni mdogo mno hata kwa rotifa, chakula cha kawaida cha vifaranga wa samaki. Frank Baensch, aliyefanya kazi hii Hawaii mwanzoni mwa miaka ya 2000, alifanikiwa kulea watoto wa Centropyge alipopata chakula kidogo kuliko hicho, yaani watoto wa kopepodi, vijidudu vinavyoelea kwenye maji ya bahari. Kwingine huvikuza kwenye maabara kwa gharama. Hapa unapotega wavu wa kitambaa laini nyuma ya boti alfajiri, vimo.

Nimezungumza na baadhi yenu, na najua wako wenye matangi yaliyosimama salama zaidi ya mwaka, Mikocheni, Kurasini, Mbweni. Ninachoomba kwenu ni kitu kidogo. Tuchague matangi sita yenye jozi zilizotulia. Kila mwenye tangi aandike jioni mayai yanapoonekana, joto la maji na tarehe ya mwezi. Mmoja wetu mwenye boti Kunduchi atege planktoni, yaani hivyo vijidudu vinavyoelea, mara mbili kwa wiki, nje ya hifadhi. Pipa la kulelea liwe jeusi ubavuni, la lita 100, lenye hewa inayopuliza taratibu sana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kinachofundisha sayansi ya viumbe wa majini, kiko jijini humu, na taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, iko Kunduchi kwenyewe. Watu wao wanajua kuvitambua hivyo vijidudu kwenye hadubini, na tutawaomba watuonyeshe.

Atakayeshindwa na samaki wake asimrudishe baharini. Kwanza anaweza kubeba ugonjwa alioupata tangini kutoka kwa samaki wa kigeni. Pili, tuna mfano: yule samaki mwenye miiba mirefu anayetambaa kwenye miamba yetu, ambaye ni mwenyeji wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, alionekana Florida mwaka 1985, na anaaminika kuwa alitoroka au kuachiliwa na wafugaji. Leo ametapakaa Karibi nzima, anakula vifaranga wa kila aina, na hakuna aliyeweza kumwondoa. Atakayeshindwa anipigie, au ampigie katibu wenu. Kati ya matangi sita hayo litakuwepo lenye nafasi.

Majina yataandikwa hapo mlangoni. Mwenye tangi lisilofikisha lita 200 aandike pia, kwa kazi ya kulea planktoni.